Viazi Vikigeuka Dawa

Mtu wa kisa hiki ametungwa, lakini hakuna lililompata ambalo halijawapata wengine. Tumwite Mwalimu, kwa kuwa ndivyo mtaa mzima ulivyomwita hata baada ya kustaafu. Aliishi Morogoro, mjane, mwenye kilo 96, magoti yaliyomuuma kila alipopanda ngazi, na kisukari cha miaka mingi. Vidonge vyake vilikaa jikoni kando ya kopo la majani ya chai: metformini, glibenklamidi, na kimoja cha presha. Hakuwahi kuruka dozi. Kazi ya kengele na ratiba ilikuwa imemfunza kushika saa, na sifa hiyo njema ndiyo iliyokuja kumponza.

Binti yake aliyeko Marekani ndiye aliyemletea habari kwa simu. "Mama, acha kujinyima. Kula viazi, wali, maharage na mboga mpaka ushibe. Nyama, mayai, maziwa na mafuta ndivyo uweke pembeni." Mwalimu akacheka. Miaka yote anaambiwa apunguze wanga, leo wanga umekuwa mlo wenyewe?

Binti hakuwa anazua. Mlo huo ulienezwa na daktari wa Kimarekani, John McDougall, aliyefariki mwaka 2024. Miaka ya 1970 McDougall alitibu wafanyakazi wa shamba la miwa la Hamakua, Hawaii, pamoja na familia zao. Akaona jambo lililomshangaza. Wazee waliohamia huko kutoka Ufilipino, Japani, China na Korea, ambao chakula chao kilikuwa wali na mboga, walikuwa wembamba na wenye nguvu uzeeni. Watoto na wajukuu wao, kadiri walivyozoea nyama, maziwa na mafuta, ndivyo walivyonenepa na kuugua kisukari na moyo. Hapo akahitimisha kwamba wanga haukuwa na kosa, na mwaka 2012 akatoa kitabu chake mashuhuri juu ya jambo hilo, *The Starch Solution*.

Na kabla yake, Afrika Mashariki ilikuwa imeshatoa ushahidi wake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, na mwenzake Hugh Trowell aliyetibu Kenya na Uganda kwa miaka mingi, walijiuliza kwa nini maradhi yaliyojaza wodi za Ulaya yalikuwa adimu kwa wanakijiji waliokula ndizi, ulezi, viazi vitamu na kunde. Mwaka 1975 wakahariri kitabu kilichotupa lawama kwenye vyakula vya wanga vilivyokobolewa na kuondolewa nyuzinyuzi zake. Kwa lugha ya sokoni kwetu, walikuwa wanatetea dona dhidi ya sembe.

Mwalimu alipokubali kujaribu, alishika nusu ya ushauri iliyompendeza. Nyama akaacha, maziwa akaacha. Asubuhi akala maandazi na chai ya rangi yenye sukari vijiko vitatu. Mchana wali wa nazi kwa maharage yaliyoungwa kwa mafuta ya kutosha. Jioni chapati, au chipsi kavu za pale kituoni. Katika vyote hivyo hamna mnyama hata mmoja. Alipopanda mzani alikuta kilo mbili zimeongezeka.

Hesabu yake si ngumu. Gramu 100 za kiazi cha kuchemsha zina kalori 90 hivi. Kiazi hicho hicho kikitoka kwenye karai la mafuta, uzito ule ule hubeba kalori 300 hivi. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120, na hakijazi tumbo hata kidogo. Tumbo hujua kushiba kwa wingi wa chakula kilichomo kuliko kwa kalori zake, na chakula kizima chenye maji na nyuzinyuzi hulijaza mapema. Ndiyo siri nzima ya mlo huu: mtu anakula ashibe, na bado anaingiza kalori chache. Ukiuondolea nyuzinyuzi kwa kukoboa, ukauongezea mafuta na sukari, siri hiyo imekufa, hata kama hakuna kuku aliyechinjwa.

Binti akamsahihisha, naye Mwalimu hakuwa mtu wa kurudia kosa moja mara mbili. Sembe ikatoka, dona ikaingia. Mihogo, magimbi na viazi vitamu vikachemshwa. Makande yakapikwa bila tui. Matembele, mchicha na nyanya chungu vikaungwa kwa nyanya na kitunguu, maji kidogo, chumvi ya kuonja tu. Chai ikanywewa na tangawizi bila sukari. Wiki za kwanza tumbo lilijaa gesi, likazoea. Mzani ukaanza kushuka, ukashuka tena, na gauni la harusi ya mpwa wake likahitaji kupunguzwa kwa fundi.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na wengi hawapatazami. Wakisikia habari za mlo mpya, watu huuliza kama unafanya kazi. Hawaulizi kitatokea nini ukifanya kazi.

Mwalimu alikuwa na tarehe ya kliniki, akaipisha. Alikwishachoka kuambiwa kila mara "Mwalimu, punguza wali," na sasa anakula wali na viazi kuliko zamani. Akaona kwenda ni kutafuta ugomvi. Tena alikuwa na hamu ya kuwashtukiza: arudi akiwa amepungua kilo 15, awaone watakavyotoa macho. Mpaka siku hiyo ifike, vidonge aliendelea kumeza vilevile, kwa saa ile ile, dozi ile ile, dawa akimtuma kijana wa jirani kununua dukani.

Dalili zilikuja, zikapewa jina lisilo lake. Saa tano asubuhi mikono ilitetemeka na jasho jembamba likamtoka. Usiku aliamka shuka limelowa, njaa ikimkwangua. Akiinuka kitini, kichwa kilizunguka. Alipomsimulia rafiki yake wa kwaya, yule akamwambia kwa uhakika, "Huo ni mwili unatoa sumu, dada. Vumilia." Akavumilia.

Jumamosi moja alimeza vidonge vyake, akala kipande cha papai, akaondoka mapema kwenda sokoni kwa miguu, kwa kuwa siku hizo magoti yalikuwa mepesi. Mbele ya meza ya nyanya alianza kubishana na muuzaji juu ya chenji ambayo alikuwa ameshapewa. Maneno yakamkwama. Jasho likamlowesha kitenge, macho yakakosa pa kutua. Mmoja akasema mama huyu amelewa. Mwingine akasema amepandisha. Aliyemwokoa ni mama muuza dagaa ambaye mumewe alikuwa na maradhi hayo hayo. "Huyu ni sukari imeshuka! Leteni maji na sukari, haraka, angali anameza!" Wakamnywesha, wakampakia kwenye bajaji.

Kipimo cha sukari hospitalini kilisoma 2.4 mmol/L. Kwa mwenye kisukari, chini ya 4 ni hatari. Huko alikofika mtu huchanganyikiwa, akiendelea kushuka hupoteza fahamu na pengine maisha.

Daktari wa zamu alikuwa kijana wa umri wa wanawe. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa usumbufu. Nimeacha nyama, nadhani mwili umekosa nguvu."

"Nyama haina kosa hapa. Umepungua kilo ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na glibenklamidi unameza dozi gani?"

"Ile ile niliyoandikiwa. Sijaruka hata siku moja."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, ulikuwa unasukuma mkokoteni uliojaa mawe kupanda mlima, tukakupa kijana mwenye nguvu akusaidie kusukuma. Wewe ukayashusha mawe yote, tena vizuri sana, lakini kijana hukumwambia. Ameendelea kusukuma kwa nguvu zile zile, na mkokoteni umeingia mtaroni."

Kisha akamweleza bila mafumbo. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, mtu awe amekula au hajala. Uzito ukipungua na mafuta yakipungua kwenye chakula, mwili huitikia insulini vizuri zaidi, na dozi iliyokuwa sawa inakuwa kubwa mno. Dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Kwa hiyo sukari inaweza kupanda kwa maji ya sukari, kisha ikaporomoka tena baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana hakumruhusu kwenda nyumbani. Alilazwa usiku kucha. Na kizunguzungu cha kuinuka kitini? Hicho kilitoka kwenye kidonge cha presha, kilichoendelea kushusha presha iliyokwisha kushuka yenyewe.

Aliyevumilia "sumu ikitoka" alikuwa akivumilia dozi iliyozidi.

Wale waliobuni milo ya namna hii hawakuwahi kuichukulia kirahisi. Walter Kempner, daktari Mjerumani aliyekimbilia Marekani, alianza mwaka 1939 huko Chuo Kikuu cha Duke kuwalisha wagonjwa wa presha kali na figo wali, matunda na sukari karibu peke yake. Wapo waliopona walipokuwa wanangoja kufa. Mgonjwa wake mmoja, mwaka 1942, hakuelewa maagizo kwa sababu ya lafudhi yake ya Kijerumani, akakaa kwenye wali miezi miwili badala ya wiki mbili. Akarudi presha imeshuka sana na moyo uliovimba umepungua. Lakini Kempner aliwaweka wagonjwa wake karibu, akawapima damu na mkojo mara kwa mara. McDougall naye, kwenye mafunzo yake ya kulala hospitalini kule California, alikuwa na desturi ya kupunguza dawa za kisukari na presha mwanzoni kabisa, mlo ukianza. Walijua kwamba chakula chenye nguvu ya dawa kina pia hatari ya dawa.

Nao waliopima mlo huu kisayansi walichukua tahadhari. Gisborne, New Zealand, watafiti waliwapa watu wanene mlo wa mimea mizima wenye mafuta machache, bila kuwapimia sahani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: kwa wastani walipungua kilo 12 hivi katika miezi 6. Lakini wote waliokula mlo huo walipewa pia vidonge vya vitamini B12.

Juu ya hilo daktari alimuuliza Mwalimu, naye hakuwahi hata kuisikia. B12 hutengenezwa na bakteria. Sisi huipata kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na hakuna mchicha wala kunde inayoweza kutegemewa kuileta. Akiba ya ini huweza kumtosha mtu miaka, ndiyo maana asiyeitafuta hujidanganya kuwa yu salama. Ikiisha, damu hupungua, miguu huingia ganzi, kumbukumbu huyumba. Hatari nyingine ni kwamba mboga za majani na maharage zina folati nyingi, nayo folati huweza kuificha ile dalili ya damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, pengine bila kurudi. Tena metformini, aliyoimeza kwa miaka, yenyewe hupunguza ufyonzwaji wa B12. Mtu anayemeza metformini akaacha vyakula vya wanyama amefunga milango miwili kwa mkupuo mmoja.

Mwalimu alitoka hospitalini na karatasi mpya. Glibenklamidi imefutwa. Kidonge cha presha kimepunguzwa nusu. Metformini imebaki, B12 imeongezwa, na ameagizwa kupima sukari nyumbani na kurudi baada ya wiki mbili. Hakuambiwa aache viazi. Daktari alimwambia aendelee navyo, na wauguzi waliokuwa wakimkemea kwa wali wakamuuliza makande yake anayapikaje bila tui.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwalimu hakuficha maradhi. Alificha nafuu, na nafuu iliyofichwa ikataka kumuumbua vilevile. Kwa hiyo anayetaka kuingia njia hii na ayashike haya. Kama unameza dawa za kisukari au unachoma insulini, au una dawa za presha, nenda kwanza na vidonge vyako mkononi, useme wazi unataka kula nini, uulize kipi kipunguzwe na lini. Mwenye figo dhaifu aulize zaidi, kwa kuwa viazi, ndizi na maharage vina potasiamu nyingi ambayo figo mbovu hushindwa kuitoa. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto anayekua wasiingizwe bila mtaalamu. Watu wa nyumbani wajue kwamba kutetemeka, jasho la ghafla, na maneno yasiyoeleweka kwa mtu wa kisukari si ulevi wala pepo: ni vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, kupima tena baada ya dakika 15, kisha chakula, na aliyezimia asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Sahani yenyewe ni nafuu na sokoni imejaa. Ila siku ya kwanza ya viazi na ifuate siku ya kliniki, isiitangulie.