Ridhaa ya Mgonjwa Asiye na Hiari

Mfikirie mwanafunzi wa udaktari apelekwaye kujifunza kazi pande za Sitalike, kusini ya Mpanda, penye mbung'o waletao malale. Mjini, mgonjwa akimtilia shaka mwanafunzi hutaka mwingine. Huku atamtaka nani? Hukubali kwa kuwa hana pengine pa kwenda. Je, hiyo ni ridhaa? Watu husema mkono mchanga ni bora kuliko kukosa mkono. Kweli, mtu akiwa taabani. Lakini si kila homa ni kufa. Wanavyuoni wamemlazimisha dhamana atibuye bila ya ujuzi, wala hawakumtoa aliye porini. Basi kabla hajashika sindano na aseme wazi, "Mimi ningali mwanafunzi". Na kwa lile asiloliweza, mgonjwa apelekwe Mpanda.