Saa Hii na Saa Ile

Ndugu yangu Mwislamu,

Wako miongoni mwetu watu wajionao kuwa wana nyoyo mbili. Mmoja wao akiwa msikitini, akisikiliza darsa baada ya Magharibi, moyo wake hulainika na machozi humlenga. Kisha arudipo nyumbani akacheza na wanawe, au akafungua duka akavutana bei na wateja, au akakaa barazani akacheka na rafiki zake, huuona ule ulaini umemtoka. Hapo shetani humnong'oneza kuwa yeye ni mnafiki, na kwamba kuhudhuria kwake darsa ni riya tupu. Naye huliamini neno hilo, akaacha darsa. Na huenda kesho akaacha na jamaa pia.

Maradhi haya si mapya. Yalimpata Hanzala r.a., naye ni katika waandishi wa Mtume s.a.w. Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kwamba alikutana na Sayyidna Abubakar r.a., akamwambia kuwa yeye amekuwa mnafiki. Kwani mbele ya Mtume huwa kama aionaye Pepo na Moto kwa macho yake, na akirudi kwa mke na watoto na mali husahau mengi. Je, Sayyidna Abubakar alimlaumu? La! Alikiri kwamba hata yeye humpata yayo hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume s.a.w., naye akawafahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile, Malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao. Lakini ni saa hii na saa ile. Akalikariri neno hilo mara tatu.

Zingatia: hakuwaamrisha kuitupa saa ya mke na watoto. Wala Sayyidna Abubakar mwenyewe hakuwa mtu wa upande mmoja. Mpole yule, aliyekuwa akisoma Kurani asiweze kuyazuia machozi yake, ndiye aliyesimama imara mwaka wa 11 wa Hijra (632) juu ya waliozuia Zaka, hata Sayyidna Umar, ajulikanaye kwa ukali, akasita kwanza. Upole wake ulikuwa wa kweli, na ushupavu wake pia. Kila kimoja kilikuja mahali pake.

Lakini tusidanganyane. Saa ile si saa ya maasi. Asalie safu ya kwanza kisha akapunja mizani asijipoze kwa hadithi hii. Lake ni kosa, na dawa yake ni toba. Alama za unafiki zajulikana: kusema uongo, kuvunja ahadi na kukhini amana. Kucheka na wanao si katika hizo.

Basi ewe uliyeacha darsa kwa khofu hii, rudi. Mahali pako pangalipo. Khofu yako ni dalili ya uhai wa moyo wako.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.