KHALWA YA MTONI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba wake.

Ama baada. Wako katika ndugu zetu wasemao ya kuwa moyo hautulii mjini, na ya kuwa mwenye kutaka kumkumbuka Mola wake sharuti atoke aende pasipo watu. Na wako wawajibuo kuwa huo ni uvivu, na kuwa mahali pa dhikri ni msikitini. Twataka kuliangalia jambo hili kwa mfano ulio karibu nasi, nao ni mto wa Tana.

Tuseme mtu amepanda mtumbwi Hola, akateremka na maji kuelekea Garsen, na mbele yake hata Kipini, mto unapoingia baharini. Vijiji vya Wapokomo viko hapa na pale kandoni, pamoja na migomba na miembe yao. Lakini baina ya kijiji na kijiji hamna ila misitu, na mchanga, na mamba waliolala juani. Katika misitu hiyo wamo kima wa namna mbili wasiopatikana popote duniani ila hapo, na kwa ajili yao sehemu yake ilihifadhiwa mwaka 1976.

Je, mtu huyu amepata nini? Wengi watasema amepata kimya. Mto hauna kimya: usiku kucha viboko huguruma na vyura hulia. Alichokiacha nyuma ni macho ya watu. Mjini mtu husali safu ya mbele hali amjua aliye kuliani kwake na aliye kushotoni. Akiirefusha rukuu, yuko aonaye. Akitoa sadaka, yuko asikiaye. Juu ya mchanga wa Tana, wakati wa alfajiri, hapana wa kumsifu akirefusha wala wa kumlaumu akifupisha. Ndipo aujuapo uzito wa sala yake mwenyewe. Na wengi, wakisema kweli, huiona nyepesi kuliko walivyodhani. Hiyo ndiyo faida ya khalwa, nayo ni chungu kama shubiri. Mtume (s.a.w.) aliuhofia umma wake riya, akaiita shirki ndogo.

Kwa hiyo mwenye kwenda mtoni na simu yake, akapigwa picha akisujudu, akaipeleka kwa jamaa mia kabla ya jua kuchwa, huyo hakutoka mjini. Amewapakia watu wote wa mtaa wake ndani ya mtumbwi, na ni ajabu haukuzama.

Imamu Ghazali aliyajua haya. Mwaka 488 wa Hijra (1095) alikuwa mwalimu mkuu wa Madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad. Alipoipima nia yake katika kusomesha, aliona haikusafika, bali imechanganyika na kutafuta cheo na sifa. Akaondoka. Katika nchi ya Sham alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Damascus, akajifungia mlango mchana kutwa. Lakini wamtajao kwa kuondoka kwake husahau mambo mawili: kwamba hakuondoka ila baada ya kuwawekea watoto wake riziki yao, na kwamba wito wa watoto hao ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomrudisha kwao, na mwaka 499 (1106) akarejea kusomesha, Nishapur.

Basi mwenye kumwachia mkewe chungu kitupu, na mdai wake mlangoni, akaenda kumtafuta Mungu mtoni, huyo amezikimbia haki za waja, wala safari yake hatuiiti ibada. Mtume wetu alipokuwa akijitenga katika pango la Hira alichukua zawadi ya safari kwa siku zilizohesabiwa, ikiisha akarudi kwa Bibi Khadija. Na baada ya kupewa Utume, itikafu yake ya kumi la mwisho la Ramadhani ilikuwa msikitini, na watu wakiingia na kutoka.

Ikisemwa: Je, Mtume hakusema ya kuwa Muumini achanganyikaye na watu, akayavumilia maudhi yao, ana malipo makubwa kuliko asiyechanganyika? Twajibu: Naam, na siku sita za mtoni hazimtoi mtu katika watu. Huenda zikamrudisha kwao na subira zaidi. Ama akaaye huko mwaka mzima ili asiudhiwe na jirani, hadithi hiyo yamhusu yeye.

Atakaye kwenda, asiondoke siku ya Ijumaa baada ya alfajiri. Asiende peke yake, kwani Mtume alimkataza msafiri upweke. Tena mtumbwi wenyewe wataka wa pondo na wa kuangalia mbele. Akiwa baina yake na maji pana mnyama mkali amchao, wanazuoni wa Shafi wamempa ruhusa ya kutayamamu. Na sala ndani ya mtumbwi yafaa, kwa kusimama awezaye, na kwa kukaa mwenye kuchelea kuzama. Ila kibla pande hizo ni kaskazini, na mto ule una mizingo mingi: mtu hajamaliza rakaa mbili, mtumbwi umekwisha mgeuza, naye katika faradhi sharuti ajirudishe kibla. Afadhali aufunge mtumbwi ukingoni, asali juu ya mchanga, akiisha tazama vema kama lile gogo ni gogo.