Kidole cha Sita Si Laana
Somo: 2 Samweli 21:20–21, Zaburi 139:13–16



Juzi tulipowatembelea ndugu zetu wa Kakuma, mama mmoja alibaki nyuma baada ya ibada. Mtoto wake wa wiki moja alikuwa amefunikwa leso mpaka mikono. Akaninong'oneza, "Pasta, niombee huyu. Nyanya yake anasema ni damu ya yale majitu ya Gathi." Nikafunua leso. Kando ya kidole cha mwisho kulikuwa na kingine kidogo, kimeshafungwa uzi.

Kwanza, tufungue Neno. Ni kweli, yule mtu wa Gathi alikuwa na vidole 24. Lakini usiishie hapo, soma mstari wa 21: aliuawa alipowatukana Israeli. Kosa lilitoka mdomoni, si vidoleni! Ni wapi Biblia imesema kidole cha sita ni laana? Hakuna.

Pili, tusikie wanaoujua mwili. Kidole cha sita kando ya kile cha mwisho huonekana sana kwetu Waafrika, na mara nyingi ni cha ukoo. Kwa kawaida mtoto ni mzima kabisa. Kingine ni nyama tu inayoning'inia, kingine kina mfupa na kiungo. Hata kile cha nyama tu kina mshipa wa damu. Ukifunga uzi au kukata kwa wembe nyumbani, damu inaweza kumwagika, kidonda kikaoza, pepopunda ikaingia. Tena, mara chache kidole hicho huja pamoja na shida ya moyo au figo. Ndiyo maana daktari hupima mtoto mzima, si mkono peke yake.

Tatu, imani haigombani na hospitali. Tuliomba pale pale, halafu tukampeleka mtoto kliniki siku hiyo hiyo, uzi ukatolewa. Ikibidi kukatwa, hospitali ya rufaa iko hapa Lodwar. Kutoka Kakuma ni kilomita kama 120, lakini heri safari hiyo kuliko wembe.

Mpendwa, Mungu aliyemfuma mtoto wako tumboni alihesabu vidole vyake kabla yako. Usimfiche. Mlete kanisani tumbariki, mpeleke kliniki apimwe.

Tuombe: Baba, tusamehe tulipoita laana kazi ya mikono yako. Linda watoto wetu, wape wazazi hekima. Katika jina la Yesu, amina.