Je, Ni Lazima Aibe Ndipo Afundishwe?

Liko swali ambalo twalikimbia kila tukutanapo, nalo ni hili: kijana tuliyemwacha bila elimu wala kazi ya mkono akiingia gerezani, je, kosa ni lake peke yake?

Huko Shimo la Tewa, Mombasa, iko Borstal, yaani chuo cha kuwarudi wavulana waliovunja sheria. Hupelekwa huko wenye miaka 15 hata 17, kwa muda usiozidi miaka 3, nao hufundishwa kusoma na kazi kama useremala. Hatuilaumu kazi hiyo, twaisifu. Lakini tazameni ajabu yake: mwana wa maskini aliyetulia nyumbani hana wa kumlipia ada ya ufundi, na jirani yake aliyevunja duka hupewa randa na mwalimu kwa fedha za serikali!

Wako wasemao, "Mwacheni, jela itamtia adabu." Maneno haya hatuyakubali. Adabu hutiwa na mtu amjuaye kijana na awezaye kumsubiri. Fundi wa nakshi wa Lamu hukaa na mwanafunzi wake ubao baada ya ubao. Patasi ikiteleza, ua limeharibika mbele ya macho yake, wala hapana wa kumsingizia. Somo hilo hakimu hawezi kulitoa.

Wengine watasema sanaa ni mchezo. Hao wameusahau mji wao. Katika zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata 1840, washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa tungo. Hatusemi tungo zilizuia vita, kwani vita vya Shela vilipiganwa; ila mwenye kutaka jina alikuwa na uwanja wa kulitafutia pasipo panga. Leo wako vijana wa Kisauni walitafutao katika magenge.

Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hata 12, na imefungua njia ya kumwepusha mtoto na kesi, apelekwe kwenye malezi na mafunzo. Vyema. Lakini apelekwe kwa nani, nasi mafundi wetu wazee twawaacha wafe na ujuzi wao?

Mali hatukukosa. Gharama za harusi moja ya fahari zatosha kuwalipia fundi vijana kadhaa mwaka mzima. Basi kila mtaa na uchague vijana wawili, uwatafutie fundi na vyombo, na mwenye harusi mwaka huu awe wa kwanza kuulizwa.