Nyumbani ni nani?

Katika hadithi fupi ya Alice Munro, "The Bear Came Over the Mountain", iliyotoka The New Yorker mwaka 1999, kuna kituo cha kulea wagonjwa chenye sheria ngumu: siku 30 za kwanza, ndugu haruhusiwi kuja kumwona mgonjwa wake. Azoee kwanza. Fiona anaingia humo kwa hiari, akiwa bado na akili ya kufanya mzaha. Mumewe Grant anaporuhusiwa kumtembelea, anamkuta ameshikamana na mgonjwa mwingine, Aubrey. Yeye anapokewa kwa adabu, kama mgeni.

Wasomaji wengi hukaa na Grant, na wana haki, maana enzi zake hakuwa mwaminifu na sasa zamu imemgeukia. Mimi hubaki na Marian, mke wa Aubrey. Anamrudisha mumewe nyumbani, na Fiona kule kituoni anaanza kudhoofika. Kwa nini anamrudisha? Kumweka huko moja kwa moja kungemlazimu auze nyumba.

Huku kwetu Marian angesifiwa na mtaa mzima: amemtunza mumewe. Grant tungemsema kwamba amemtupa mkewe kwa watu baki. Tunaposema "mzee atunzwe nyumbani", tunaongea kana kwamba nyumba ina mikono. Mikono ni ya mtu, na mara nyingi ni ya mwanamke: binti ambaye hajaolewa, mkamwana, au dada wa kazi aliyeajiriwa kupika na kufua, ambaye hakuna aliyemweleza kuwa mgonjwa wa Alzheimer anaweza kuhangaika jua likizama, akadai kurudi kwao ilhali yuko kwake. Wenye kauli kubwa kwenye kikao cha ukoo mara nyingi ndio wanaotuma pesa kwa simu. (Pesa ni msaada, sikatai.)

Sisemi basi tuwapeleke wote. Hata pa kuwapeleka ni pachache. Makao ya wazee ya serikali hapa Tanzania yalikusudiwa wazee wasio na wa kuwatunza, ndiyo maana jina lenyewe linanuka kutupwa. Mimi ningeuliza swali jingine kabla ya hilo la nyumbani au kituoni: nani atakuwa macho saa nane usiku, na yeye atalala lini?

Ukiuliza hivyo, bustani na rangi za ukuta hazikubabaishi tena. Utaenda kukagua kituo jioni, wakati meneja ameshaondoka. Utauliza wahudumu wa usiku wanajua lugha gani, kwa sababu wagonjwa wengi hupoteza kwanza lugha walizojifunza ukubwani. Bibi wa Kihaya aliyeishi Dar miaka 50 anaweza kuomba maji kwa Kihaya, asieleweke, akaitwa msumbufu. Na swali hilohilo uliulize nyumbani kwako, maana dada wa kazi naye pengine katoka Singida.

Linabaki gumu zaidi. Mama alishatuapisha, akiwa mzima, tusimpeleke kwa wageni. Leo wageni ni sisi, na anacheka na mhudumu kuliko anavyocheka nasi. Tumtii yupi? Grant anakwenda kumbembeleza Marian amrudishe Aubrey kituoni, walau kwa kutembelea tu, ili mkewe apate mtu anayemtaka. Amemchagua Fiona wa leo, asiyemhitaji. Yule wa zamani angemshukuru au angemlaani, hakuna tena wa kumuuliza.