Hati ya Kushindwa

Wasifu wa marehemu unaosomwa msibani hupenda mambo yenye tarehe. Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akastaafu, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Marehemu akiwa askari mstaafu, msomaji hana kazi kubwa, maana vita vina kalenda yake. Mzee ninayemfikiria hapa, ambaye mtaa mzima tuliendelea kumwita Afande miaka mingi baada ya kuvua magwanda, alikuwa miongoni mwa waliovuka mto Kagera baada ya majeshi ya Idi Amin wa Uganda kulipua daraja la Kyaka mwaka 1978. Akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, alikuwa hai. Hayo yote yalisomwa. Miaka yake ya kusuluhisha ndoa za watu, mingi kuliko ya jeshini, ilipata sentensi moja: alikuwa mshauri wa jamii.

Nani angesema zaidi? Waliojua walikuwa pale pale chini ya turubai, mume na mke kwenye viti vya plastiki, na wasingeweza kusimama mbele ya wakwe na majirani kutamka kwamba bila marehemu wangekuwa wameachana. Ushujaa wa vitani hukua kwa kusimuliwa. Serikali imeutengea makaburi yake pale Kaboya, Muleba, na siku yake, Julai 25. Usuluhishi ukisimuliwa umeharibika. Tunamkumbukaje basi mtu ambaye sehemu bora ya maisha yake ni siri za watu wengine?

Sheria inalifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka anayeomba talaka, ukiacha hali chache maalumu, apite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kama lile alilokaa Afande, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Yaani mpatanishi akishindwa, hutoa hati. Akifaulu, wawili wanakwenda zao na hakuna cha kupeleka mahakamani. Mtafiti atakayefungua majalada ya mahakama kumtafuta mzee wetu atazikuta saini za baraza lake kwenye ndoa zilizomshinda tu, na atadhani mtu huyu hakuwahi kufaulu hata siku moja.

Wengi walidhani alichotoka nacho jeshini ni nidhamu. Mimi nadhani ni taarifa. Vijana tuliokaribia kuoa alitueleza kazi yake kwa mifano ya kutunga, asitaje nyumba ya mtu. Askari aliyetumwa kupeleleza, alisema, akirudi na neno kwamba adui wamejaa kule, hajaleta kitu. Umeona wangapi? Wapi? Saa ngapi? Basi mke akisema, "Mume wangu hanijali," yeye humjibu, "Hiyo ni dhana, mwanangu. Umeona nini?" Mke atafikiri kidogo. "Juzi amerudi saa saba usiku, akala, akaiacha sahani mezani, hakuuliza mtoto ameshindaje na homa." Hapo sasa pana la kuzungumza. Hakuna mwanamume awezaye kujibu shtaka la kutojali, atabisha tu mpaka kuche. Ila homa ya mtoto anaweza kuijibu, hata kama jibu lenyewe ni la aibu. Amri, alikuwa akisema Afande huku akicheka, ndani ya nyumba haina cheo.

Mkenya John Mbiti aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba marehemu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Wakiisha hao, huzama katika Zamani. Naipenda fikra hii, lakini imelitwika jina mzigo mkubwa mno. Chukulia kijana anayemuuliza mkewe "uliona nini?" kabla hajapandisha hasira, kwa sababu ndivyo alivyomsikia baba yake akiuliza, na baba alijifunza barazani kwa Afande. Kijana huyo jina la Afande halijui. Kwa kipimo cha Mbiti mzee ameshaanza kuzama, ilhali nyumbani kwa yule kijana bado yupo kazini. Mwenendo nao hukumbuka, tena bila mwenyewe kujua kwamba anamkumbuka mtu.

Hapo ndipo ninapoanza kuogopa, kwa kuwa siri hiyohiyo inayoficha wema huficha na makosa. Mabaraza ya wazee yamewaambia wanawake wengi wavumilie pale ambapo hapakuwa na cha kuvumiliwa, na sina sababu ya kuamini kwamba Afande hakukosea kamwe. Mwenendo unaorithiwa unaweza kuwa ni ukimya wa mama aliyerudishwa kwa mume anayempiga, na binti akaurithi bila kujua ulikotoka. Kwa hiyo ile hati ya kushindwa naitazama kwa jicho jingine: zipo nyumba ambazo kuitia saini mapema ndiyo ilikuwa kazi bora kuliko zote alizofanya, na zipo ambazo pengine alichelewa. Mwanamke aliyechelewa kupewa hati yake naye anamkumbuka marehemu, na kumbukumbu yake ina haki sawa na ya wale waliopatana. Tofauti ni kwamba kamati ya mazishi, ilipokuwa ikiandika wasifu, haikufikiria kwenda kumuuliza.